Mtamba wa Daktari

Sauti ilianza nilipokuwa nikipuliza moto ili maji ya chai yachemke: chuma juu ya chuma, mapigo ya haraka yasiyoachiana nafasi. Mikono yangu ilifika kichwani kabla akili yangu haijafika popote. Nilijikuta nimechutama kando ya mafiga, mgongo umeegemea ukuta wa mbao, nikisikiliza kama tunavyosikiliza sisi wa mjini siku hizi za risasi, yaani bila kujiuliza kinacholia ni nini, ila kiko mbali kiasi gani.

Baba alikuwa uani akikamua. Hakuchutama. Aliisogeza bidoni ya maziwa mbali na miguu ya ng'ombe, akaifunika, akavaa mabuti yake ya mvua, ndipo akachungulia jikoni. Aliona nilipo, akajifanya hajaona.

"Ni jante," alisema. "Kuko mugonjwa. Twende."

Ninapaswa kuieleza jante hiyo kwanza, kwa kuwa yote yaliyofuata asubuhi ile yalitoka humo. Ni ringi ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi mwishoni mwa kijiji chetu, upande wa Nyamitaba, na kando yake hukaa kipande cha chuma cha kuipigia. Kilima kinachofuata kina jante yake, na kinachofuata vilevile, mpaka kule ambako malisho yanakwisha na msitu wa Walikale unaanza. Aliyezitundika ni daktari mmoja mgeni, ambaye baadaye hakuna aliyemwita mgeni tena.

Alitoka Haiti. Alikuja akiwa kijana, katika miaka ile ambayo nchi yetu ilikuwa imejitawala bila kuwa na madaktari wake wenyewe, na Wahaiti waliojua Kifaransa walikuwa wakiitwa waje kufundisha na kutibu. Wenzake wengi walikaa mijini, kisha wakaendelea na safari zao. Yeye aliletwa Masisi kwa muda tu, hospitali ya kilimani ikiwa haina mtu, na muda huo ukawa maisha yake yote. Alikizungumza Kiswahili chetu kwa sauti ya puani, akayachanganya majina ya ng'ombe na majina ya wenye ng'ombe, na watu wakampenda kwanza kwa makosa hayo, kabla hawajapata sababu nyingine.

Kipoyi hakukileta yeye, alikikuta. Ni kitanda cha kamba na mianzi kinachobebwa mabegani, na milimani kwetu, ambako barabara hufunguka na kufungwa kwa sababu nyingi, ndicho gari la wagonjwa. Kila nyumba imo katika kundi la wabebaji. Alichogundua daktari kilikuwa jambo dogo. Wabebaji wa kijiji kimoja walikuwa wakifika kijiji cha pili wamechoka, kisha wakangoja wenzao watafutwe mashambani, na wagonjwa walikuwa wakifa katika kungoja huko. Akatafuta ringi za malori mabovu. Tangu hapo kipoyi kikitoka, jante inapigwa. Kilima cha mbele kinasikia, kinapiga ya kwake, na wabebaji wapya wanakuwa tayari njiani mgonjwa anapofika. Watu ambao hawajawahi kukubaliana juu ya mpaka wa shamba na malisho walikubaliana juu ya mianzi hiyo. Kwa nini, sijui kueleza. Nilijaribu katika makala moja ya masomo yangu, na msimamizi akaandika pembeni kwamba hoja haijathibitishwa.

Kanuni yake ilikuwa moja: jante haipigiwi kitu kingine chochote. Shule ina filimbi, kanisa lina ngoma. Husimuliwa kwamba mwanasiasa fulani alipotutembelea, wapambe wake walitaka apokewe kwa jante. Daktari aliteremka kutoka hospitalini na kandambili zake, akaketi chini ya mkaratusi, akakiweka kile chuma mapajani, na akasoma kitabu mpaka mgeni alipoondoka.

Mimi mwenyewe niliingia duniani kwa jante. Wakati huo baba alikuwa akinunua mawese upande wa Walikale, na mama, aliyekuwa amemfuata huko, alishikwa na uchungu uliokataa kumalizika. Alipandishwa kutoka msituni kwa kipoyi, kijiji kwa kijiji. Mama husema kwamba lugha za wabebaji zilikuwa zikibadilika juu yake huku amefumba macho, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba wanasonga mbele. Kwenye kilima cha mwisho, aliyeingia chini ya mwanzi wa mbele alikuwa daktari mwenyewe, kwani naye alikuwa mwanachama wa kundi kama mwenye nyumba yeyote, na ilikuwa zamu yake. Alibeba, akanawa, akapasua. Tangu siku hiyo wabebaji wale, na sasa watoto wao, huniita muzigo. "Muzigo yetu imefika," husema nikishuka na begi langu la vitabu. "Umenenepa. Leo tungekuacha kule Walikale."

Daktari alifariki mwaka jana, mzee sana, akazikwa nyuma ya hospitali. Kamati ya afya ikaamua iwepo tuzo ya kumkumbuka. Walijadiliana, kama nilivyosimuliwa, juu ya cheti, lakini karatasi kwetu huota ukungu. Wakajadiliana juu ya sanamu, lakini kila mtu alikuwa na uso wake wa daktari kichwani. Mwishowe walirudi kwenye desturi ambayo kila mtu anaijua: watatoa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Anayepewa ng'ombe kwetu hufungwa pamoja na aliyempa. Hupokea kwa kutamka mbele ya watu kwamba ndama atarudi, na ndama jike wa kwanza lazima arudi, ili apewe mshindi atakayefuata, naye afanye vivyo hivyo. Asiyetamka hajapokea, hata kama kamba iko mkononi mwake. Mshindi wa kwanza, walisema, awe yule binti wa kipoyi ambaye amekuwa daktari na sasa anasomea upasuaji mjini.

Ujumbe wao ulinikuta nikiwa na ujumbe mwingine katika simu. Mwalimu wangu wa zamani, mwanamke mzaliwa wa Bweremana, hukuhuku Masisi, aliyehamia ng'ambo, alikuwa amenitafutia nafasi katika hospitali yake: mwaka wa mafunzo, na baada ya hapo mkataba wa kubaki. Alitaka jibu kabla likizo yangu haijaisha. Nilikuja nyumbani nikiwa sijamwambia mtu yeyote, wala baba.

Kilichonivuta huko kilikuwa kimya. Katika wodi yetu mwaka huu tulipokea majeruhi wengi kuliko vitanda, na mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Haikutetemeka ndani ya chumba cha upasuaji, ambako bado ilinitii, bali nje, mlango ukibamizwa au sufuria ikianguka. Mwalimu aliniandikia kwamba katika mji wake, theluji ikianguka, hata magari hayasikiki. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kurasa zozote za vitabu vyangu.

Nilikuwa nimelipanga tatizo kama nilivyofundishwa, hoja chini ya hoja. Daktari tunayemheshimu alikuwa mtu aliyeondoka kwao. Haiti nayo ilikuwa na wanawake wenye uchungu usiokwisha, na bila shaka ilikuwa na vilima. Kama angeitii nchi yake, mimi na mama tungezikwa pamoja kando ya njia ya Walikale. Je, ni kumheshimu mtu huyo kunifunga mimi kwa kamba ya ng'ombe kwenye kilima nilichozaliwa? Au ni kutomwelewa? Hoja ilikuwa imara. Kila nilipoimaliza niliikagua, nikaikuta imara, na sikuiamini.

Nilipokuwa sekondari nilimuuliza daktari mwenyewe jinsi alivyoagana na watu wa kwao. "Nilimwambia mama yangu mwaka mmoja," alijibu. Akacheka, nami nikacheka, kisha nikagundua kwamba yeye alikuwa ameshaacha kucheka.

Basi asubuhi ile tulikimbia, baba na mimi. Wabebaji walikuwa wakiteremka kutoka mashamba ya juu na kipoyi chao, majembe wameyaacha kwenye matuta. Tulisikia jante ya kilima cha pili ikiitikia, kisha nyingine, mbali zaidi, ikipeleka habari kuelekea msituni. Nilikuwa tayari nimeanza kujiandaa kwa aliyelala: damu, homa, mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Tulipofika chini ya mkaratusi hapakuwa na aliyelala. Palikuwa na mtamba wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni, amevishwa maua shingoni, ameletwa kwa miguu kutoka malisho ya Burungu. Kando yake alisimama rais wa kamati ya afya, mtu mnene mwenye moyo mwema, ndani ya suti, akiipiga jante kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Mugonjwa iko wapi?" aliuliza mkuu wa wabebaji akihema. Ni mkulima wa viazi, mtoto wa mmoja wa wale waliombeba mama, mwenye mabega mapana na ulimi usiopumzika.

"Hakuna mugonjwa, ndugu yangu! Ng'ombe njo imefika!"

"Nini?"

"Ng'ombe ya daktari. Ninaita bantu bakuje baione."

Wabebaji walitazamana. Mtamba alitumia nafasi hiyo kukojoa.

"Prezida," mkuu wa wabebaji alisema taratibu, "umepiga jante ya daktari juu ya ng'ombe?"

"Lakini haiko ng'ombe ya bure! Iko ya kumuheshimu!"

"Umemuheshimu kabisa. Angekuwa muzima, angekuheshimu na yeye kwa sindano."

Waliocheka walicheka, ila si wote. Mwanamke mmoja alipaza sauti kwamba ameacha mtoto ndani ya beseni la kuoga akiwa na sabuni machoni. Mwingine aliuliza nani atawaambia watu wa vilima vya mbele, ambao wakati huo walikuwa njiani kumngojea mgonjwa asiyekuwepo. Mwenye pikipiki mmoja akatumwa haraka kuwarudisha mashambani. Rais alikishusha kile chuma polepole, akakirudisha mahali pake, akajifuta mikono kwenye suti. Niliuona uso wake alipoelewa. Kanuni alikuwa akiijua kuliko wengi wetu. Ni yeye aliyekuwa akituhadithia kisa cha mwanasiasa. Ila alikuwa na furaha kubwa, akatafuta cha kuitangazia, na kilichokuwa mbele yake kilikuwa jante.

Hapo ikaingia desturi nyingine, ya zamani kuliko daktari. Kipoyi kilichotoka hakirudishwi nyumbani kitupu, maana husemwa kwamba kitakwenda kujitafutia chenyewe mtu wa kukijaza. Kwa kawaida, kama mgonjwa amepata nafuu kabla ya kubebwa, hupakiwa gunia la viazi, likapelekwa hospitalini, na viazi vikaliwa na wagonjwa. Mkuu wa wabebaji aliangalia huku na huku akitafuta gunia. Kisha akaacha kutafuta.

"Panda," alimwambia rais.

"Mimi?"

"Weye njo ulipiga. Kama umepiga na mugonjwa hakuna, weye njo mugonjwa."

"Na hii suti?"

"Suti nayo iko mugonjwa. Panda, Prezida, jua inapanda."

Alipanda. Mianzi ililia. Wabebaji walizozana kwa sauti juu ya nani angekaa upande wa kichwa na nani upande wa tumbo, na rais, akiwa amelala chali na tai yake imeangukia sikioni, aliwaomba tu wasimpitishe mbele ya nyumba ya wakwe zake. Walikubaliana papo hapo kwamba ndiyo njia fupi.

Mkuu wa wabebaji akanigeukia mimi.

"Na weye, muzigo. Tunasikia hii ng'ombe iko yako."

Nilisema kwamba bado sijaipokea. Nilitaka jambo hilo lieleweke sawasawa.

"Tuzo ya bantu ya kubeba," aliwaambia wenzake, "banapatia mwenye alibebwa! Huyu ametubebesha kushinda bote. Alibebwa kutoka Walikale, akabebwa ku masomo, akabebwa mpaka ku iniversite. Dada Dokta, weye umeshabeba nani?"

Hakukuwa na chuki ndani yake. Huo ndio utani ambao wabebaji wanao haki nao juu ya mzigo wao. Lakini swali lilikuwa limeulizwa kwa usahihi, na mimi huyaheshimu maswali ya namna hiyo. Ningeweza kujibu kwamba ninapasua, na kwamba kupasua pia ni kubeba. Nilisikia jinsi jibu hilo lingesikika hapo, chini ya mkaratusi, nikalinyamazia. Baba alifungua mdomo kunitetea. Nikamtikisia kichwa. Basi akafanya jambo jingine: akaketi chini, akavua mabuti yake, akanipa, akabaki miguu mitupu kwenye umande.

"Bega ya kuume," mkuu wa wabebaji aliniambia nilipoingia chini ya mwanzi. "Usiangalie miguu. Angalia mugongo ya mwenye iko mbele."

Wanawake kwetu hufuata kipoyi na vikapu vya chakula. Mabega huwa ya wanaume. Sikujua, kwa hiyo, kitu ambacho kila mwanamume wa kijiji chetu anakijua: kwamba uzito haukai. Kwenye mteremko wote huja mbele, kwenye mpando wote hurudi nyuma, na kwenye kona hukuacha kabisa kwa hatua moja, ukadhani umekwisha, kisha hukurudia. Nilianza kuuchambua. Niliacha nilipokosea hatua na rais akapiga kelele.

"Ni mimi niko juu huku!" alisema. "Munikumbuke!"

"Tunakukumbuka sana, Prezida," alijibu mtu wa nyuma. "Kila hatua."

Tulipita mbele ya nyumba ya wakwe zake. Mama mkwe alitoka, akaweka mkono kinywani kwa hofu, akaambiwa ugonjwa ni upi, akacheka mpaka akaegemea mlango. Baada ya hapo rais alitulia. Njia iliingia kati ya mashamba ya maharage, ukungu ukaanza kuachana na vilima.

"Ukilala hapa," rais alisema ghafla, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "unaona mbingu tu. Miaka yote niko rais wa kamati, sikujua. Mama yako aliona hii, Dokta. Mbingu na midomo ya bantu kwa chini."

Kisha akauliza: "Utapokea ng'ombe?"

"Ninafikiri."

"Daktari alisema weye unafikirianga mpaka chai inapoa."

Labda ni kwa sababu alikuwa amelala na hakuweza kuniona usoni, wala mimi kumwona. Nilimwambia. Nilisema kuna nafasi ng'ambo, mwaka wa mafunzo, na kwamba baada ya mwaka wanataka nibaki. Nilisema kwamba mikono yangu inatetemeka nikisikia chuma. Nilisema kwamba asubuhi hiyo, jante ilipolia, sikusimama kwenda kwa mgonjwa, nilichutama. Niliyasema yote kwa mpangilio, kama ninavyotoa taarifa ya wodi, nikiutazama mgongo wa mkuu wa wabebaji. Wote walisikia. Hatua zao hazikubadilika. Baba alikuwa nyuma yetu akimwongoza mtamba, karibu kiasi cha kusikia kila neno.

Nilingoja hukumu. Mkuu wa wabebaji alisema, bila kugeuka:

"Badilisha bega."

Tukabadilisha bega.

Mbele kidogo jante ya kilima cha pili ililia tena, mapigo machache ya polepole, ishara yao kwamba wamepata habari na wanarudi mashambani. Nilishtuka kama kawaida. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika mwanzi, na ikaendelea kuushika.

Hospitalini muuguzi mkuu alitupokea mlangoni na uso wa kazi. "Iko na nini?"

"Ugonjwa ya kupiga jante bure," alisema mkuu wa wabebaji.

Muuguzi hakucheka. Alimketisha rais kwenye benchi, akamfunga kipimo mkononi, akasukuma hewa, akasoma, akasoma tena. "Presha yake iko juu," alisema. "Sana. Huyu hatoki hapa leo." Kelele iliyozuka ilisikika mpaka wodi ya wazazi. Wabebaji walipeana mikono. Kumbe kipoyi kilikuwa kimembeba mgonjwa wa kweli, na rais mwenyewe, akiwa na dawa mkononi, alionekana kufarijika kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo hotuba ya tuzo ilitolewa na mtu aliyekatazwa kusimama. Tuliizunguka benchi, iliyohamishiwa kando ya kaburi la daktari, na rais akasema machache: kwamba daktari alikuja kwetu bila kuitwa na kilima hiki, kwamba alibeba zamu yake, kwamba jante haipigiwi ng'ombe. Watu wakaitikia. Akaninyooshea kamba.

Niliishika. Mtamba aliinusa mikono yangu, akaikuta haina chumvi, akageukia maua yake. Watu walikuwa wakingoja maneno, na maneno hayakutoka. Kuyatamka kuliniwia vigumu hasa kwa sababu nilikuwa nayaamini. Mtu anayedharau ahadi anaweza kuitoa wakati wowote. Nilimpa baba kamba, nikasema ninaomba mpaka kesho. Niliposema hivyo niliona kwamba hakuna aliyeshangaa, hata mkuu wa wabebaji, ambaye aliguna tu na kusema kwamba mzigo huu tangu zamani ulikuwa wa kuchelewa kutoka.

Tulirudi baba na mimi na mtamba, polepole, kwa mwendo wa mtamba. Nilitaka kumrudishia mabuti, alikataa. Nilingoja aseme jambo juu ya ng'ambo. Alizungumza juu ya ng'ombe.

"Huyu bado mutoto," alisema, akipapasa kiuno cha mtamba. "Hajapandwa. Mvua inyeshe, ikatike, inyeshe tena, njo atazaa. Akizaa dume, tunangoja nyingine."

"Ni muda mrefu," nilisema.

"Iko muda wa ng'ombe." Alitembea kidogo. "Daktari hakupewa ng'ombe kule kwao, siku anatoka?"

Nilimwambia kwamba nadhani hawana desturi hiyo.

"Basi," alisema baba, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu, na akamwelekeza mtamba kwenye njia ya nyumbani.

Usiku sikuichambua hoja yangu. Nililala. Asubuhi nilipanda mahali pa rezo, yaani ule mwamba juu ya kijiji ambako simu hushika mtandao. Hapana siri mahali hapo. Kila mtu husimama akielekea upande uleule, simu hewani, na kila mtu husikia wenzake wakibembeleza wanunuzi wa jibini na kugombana na shemeji. Mkuu wa wabebaji alikuwepo, akizungumza na mteja wake wa viazi. Aliponiona alikata simu, akaketi juu ya jiwe, wala hakujisumbua kujifanya anafanya kitu kingine.

Niliipiga namba. Ililia kwa muda.

"Binti yangu!" alisema mwalimu. "Umekawia. Nilishafikiri umekataa."

"Nakuja, Mama Profesa," nilisema. "Mwaka wa mafunzo. Ila mkataba wa kubaki sitautia sahihi."

"Juu ya nini? Uje kwanza uone." Kisha, baada ya pumzi moja: "Mwaka mmoja, mwaka mmoja. Bote tunasemaka hivyo. Hata mimi niliwaambia hivyo pale Bweremana."

"Najua. Ninaamini ulikuwa unasema kweli."

Upepo ulipita kwenye simu, wake au wangu. Niliitazama mikono yangu. Ule ulioshika simu ulikuwa ukitetemeka kidogo, na nikauacha utetemeke.

"Lakini mimi nimepewa ng'ombe," nilisema. "Ya kumkumbuka daktari." Na kwa kuwa maneno hayo hayana maana yakisemwa kwa sauti ya chini, niliyatamka kwa nguvu kuliko simu ilivyohitaji, ili yafike pia kwenye jiwe lililokuwa nyuma yangu: "Ndama wake atarudi."

Nyuma yangu mtu alipiga kofi moja la mikono. Upande wa pili ulisikika mlio wa kiti kikivutwa, wa mtu anayeketi.

"Iko rangi gani?" mwalimu aliuliza.

"Kahawia. Na alama nyeupe kwenye uso."

"Ilitoka wapi?"

"Burungu."

"Ya Burungu," alirudia, na sauti yake yote ilikuwa imehamia kwetu. "Basi niambie muzuri. Anza na pembe."